Maswali ya Wasomaji: Kufinyanga Kichwa cha Kiumbe wa Sayari Nyingine

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa muda mrefu nimekuwa nikifinyanga kichwa cha kiumbe wa sayari nyingine, chenye ukubwa unaokaribia ule wa kichwa cha mtu mzima. Nimekijaza makunyanzi, magamba na vitundu vya ngozi kila mahali, na ninaamini kazi ya mkono si mbaya. Hata hivyo, kila anayekitazama huniambia kwamba anamwona mtu aliyevaa barakoa ya mpira. Je, nimekosea wapi, na kuna njia ya kukiokoa bila kuanza upya?

JIBU: Ndugu msomaji, kichwa chako kinaweza kuokolewa, ila itakubidi ukubali kufuta sehemu kubwa ya makunyanzi uliyoyahangaikia. Kasoro unayoieleza haiko kwenye ngozi, bali iko kwenye mifupa iliyo chini yake. Mtazamaji hukitambua kichwa kwanza kwa maumbo yake makubwa, yaani mstari wa nje wa fuvu, urefu wa taya, kina cha matundu ya macho na unene wa shingo, na huyatambua hayo akiwa mbali, kabla jicho lake halijafika kwenye gamba hata moja. Maumbo hayo yakiwa ya binadamu, ngozi ya ajabu itaonekana kama kitu kilichovikwa juu yake, na ndiyo maana watu wanakutajia barakoa.

Hakikisha jambo hili mwenyewe. Zima taa zote chumbani isipokuwa moja, iweke upande mmoja wa kichwa, juu kidogo, kisha rudi nyuma na ufumbe macho nusu mpaka makunyanzi yasionekane tena. Kinachobaki ni vivuli vikubwa tu. Ukiona vivuli vya uso wa mtu, umeshapata jibu lako.

Kipimo cha kwanza cha kuchunguza ni mstari wa macho. Kwa mtu mzima, macho hukaa karibu katikati kabisa ya kimo cha kichwa, kati ya utosi na kidevu, na wafinyanzi wengi huubeba uwiano huu bila kukusudia kwa kuwa ndio wanaouona kila siku. Ukiyashusha macho chini ya nusu, paji linakuwa kubwa na kiumbe huelekea sura ya mtoto mchanga. Ukiyapandisha karibu na utosi, taya hutawala na kiumbe huonekana mwenye nguvu za kutafuna kuliko za kufikiri. Kuusogeza mstari huo kwa upana wa vidole viwili kutabadilisha kazi yako kuliko wiki nzima ya kuchora magamba.

Baada ya hapo jiulize kiumbe huyu anaishije, kwa sababu kila mfupa utakaoubuni unahitaji sababu. Macho yaliyotazama mbele kwa pamoja humsaidia mnyama kukadiria umbali, ndiyo maana paka na bundi wanayo. Macho ya pembeni humwezesha mnyama anayewindwa kuona eneo pana bila kugeuka. Taya nazo zina masharti yake. Msuli mkubwa wa kuuma huanzia ubavuni mwa fuvu, hupita chini ya upinde wa mfupa wa shavu, kisha hushika taya la chini. Mnyama anayeuma kwa nguvu nyingi huhitaji nafasi kubwa ya kuushikiza msuli huo, na kwa fisi na sokwe dume wa aina ya gorila nafasi hiyo hupatikana kwenye tuta la mfupa linalopita katikati ya utosi. Basi ukimpa kiumbe wako meno makubwa huku panja zake zikiwa bapa kama za mtu, mtazamaji atahisi kwamba meno yale hayawezi kuuma, hata kama hajui kueleza kwa nini. Jaza panja, panua upinde wa shavu, inua tuta utosini, na taya litapata uhai.

Msanii wa Uswisi H. R. Giger, aliyebuni kiumbe wa filamu mashuhuri ya kutisha iliyotoka mwaka 1979, alimfinyanga kwa plastisini huku akichanganya mifupa halisi ndani ya kazi. Kiumbe yule hana macho yanayoonekana, na bado hakuna anayemchukulia kuwa mtu aliyevaa barakoa, kwani fuvu lake refu lililoelekea nyuma limeondoa mazoea yetu ya uso tangu mwanzo. Simtaji ili umwige. Namtaja kwa sababu ushupavu wake ulikuwa katika umbo kubwa, na hapo ndipo nakusihi nawe uweke wako.

Maumbo makubwa yakishatulia, shuka kwenye ya kati: misuli, mafuta, mikunjo mikubwa ya shingo, ukingo wa ufizi. Ngozi ije mwisho, nayo ifuate kilicho chini yake. Makunyanzi hujikunja kukingama na mwelekeo wa msuli unaovuta. Msuli wa paji la uso wa mtu huvuta kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo mistari ya paji hulala. Msuli unaozunguka jicho ni wa mviringo, kwa hiyo mistari ya pembeni mwa jicho hutawanyika kama miale. Amua misuli ya kiumbe wako inavuta wapi, chora mishale hafifu juu ya udongo, kisha kata makunyanzi yakikingama na mishale hiyo. Kunyanzi lenyewe lisiwe mfereji wenye kina kimoja toka mwanzo hadi mwisho: liwe na kina zaidi katikati, lififie kwenye ncha zote mbili, na udongo wa kandokando uvimbe kidogo, kwa maana ngozi iliyobanwa haipotei, husukumwa pembeni. Tandaza karatasi nyembamba ya nailoni juu ya udongo kabla ya kuchora. Kifaa kikipita juu ya nailoni huacha mstari wenye kingo laini za mviringo, na haung'oi vipande vya udongo.

Kuhusu magamba, nakuomba utazame kwa karibu kichwa cha mamba. Watafiti wameonyesha kwamba mabamba yaliyo usoni na kwenye taya zake hayachipui moja moja kwa mpangilio kama magamba ya mgongoni. Ni ngozi iliyojikunja ndani ya yai, kwa kuwa ilikua haraka kuliko mifupa iliyo chini yake. Ndiyo maana hakuna mawili yanayolingana, mistari mingine huishia njiani bila kufunga umbo, na upande wa kushoto haufanani na wa kulia. Kwa mfinyanzi hilo ni somo kubwa: usichore gamba, gamba, gamba, kwa safu. Chora mikunjo mirefu inayotangatanga, iunganishe hapa na pale, iache mingine wazi, na magamba yatajitokeza yenyewe. Acha pia sehemu zisizo na kitu. Jicho la mtazamaji linahitaji pa kupumzika, na uso uliojazwa kila mahali huonekana kama kitambaa chenye chapa.

SWALI: Ndugu Mhariri, nataka kufinyanga kichwa cha namna hiyo kwa mara ya kwanza. Nitumie udongo upi, na je, kiunzi cha ndani ni lazima?

JIBU: Kwa kichwa chenye mapambo mengi madogo, napendekeza udongo wa mafuta, ule uliochanganywa na nta, kwa kuwa haukauki. Unaweza kuuacha miezi kadhaa na kuurudia ukiwa vilevile, ukaulainisha kwa joto la taa na kuukaza kwa ubaridi. Hauchomwi tanurini, kazi ya mwisho hupatikana kwa kutengeneza kalibu juu yake na kumimina kitu kingine ndani ya kalibu hiyo. Kabla ya kuununua, uliza kama una salfa, kwa sababu salfa huzuia silikoni inayogandishwa kwa platinamu, ile ya majimaji ya kutengenezea kalibu, isigande, nawe utabaki na utelezi unaonata juu ya kazi uliyoihangaikia.

Udongo wa polima hufaa kwa vichwa vidogo. Huokwa kwenye oveni, kwa kawaida karibu na nyuzi 130 za Selsiasi, na maelekezo ya mtengenezaji yafuatwe kwa makini, maana wengi wa aina hii una plastiki ya PVC ambayo ikiungua hutoa gesi ya asidi inayodhuru mapafu. Udongo wa mfinyanzi wa maji nao ni rahisi kupatikana na mkono huupenda mara moja, lakini husinyaa, na kufikia mwisho wa kuchomwa huweza kupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya kimo chake. Vumbi lake likikauka lina silika, hivyo pangusa meza kwa kitambaa chenye maji na usifagie likiwa kavu.

Kiunzi ni lazima kwa udongo wa mafuta, kwa kuwa ni mzito na hulegea joto likipanda. Bomba lililosimama imara kwenye ubao, waya nene wa alumini uliopindwa kwa umbo la fuvu, na karatasi ya alumini iliyofinywa kujaza katikati, vinatosha. Kiunzi kikae ndani ya kila pembe na kila taya litakalochomoza. Kwa udongo wa maji hali ni kinyume: udongo ukisinyaa juu ya kitu kisichosinyaa hupasuka, kwa hiyo kiunzi kiwe cha muda, cha kutolewa kabla haujakauka.

SWALI: Ndugu Mhariri, macho ya viumbe wangu huonekana maiti. Nifanyeje?

JIBU: Wengi hufinyanga kope kwanza, wakaacha tundu, kisha wakatafuta jicho la kuingiza. Geuza utaratibu. Weka tufe la jicho ndani ya fuvu kabla ya kope, lizamishe kwa kina unachokitaka, halafu vika kope juu yake kwa vipande vyembamba vya udongo vilivyonyooshwa kwa kidole. Kope itaufuata mviringo wa jicho kwa sababu inaukalia. Ukingo wake uwe na unene unaoonekana, usiishie kama makali ya kisu, kwa kuwa ule unene hutupa kivuli chembamba juu ya jicho na kivuli hicho ndicho kinachotufanya tuhisi unyevu. Kope ya juu ifunike sehemu ya mduara wa rangi. Mduara ukionekana wote, kiumbe atakuwa ameduwaa daima.

Tufe la kioo huvumilia joto la oveni, wakati tufe la akriliki linaweza kulegea na kupoteza umbo, basi ukitumia udongo wa polima chagua la kioo. Kwa mboni, usiishie kwenye duara jeusi la binadamu. Mboni ya mbuzi ni mstari uliolala, ya paka husimama wima, na ya baadhi ya jamaa wa ngisi hupinda kama herufi W. Mboni ya mlalo kwenye uso wenye meno ya kuwinda itamtatiza mtazamaji kwa namna nzuri, mradi umeichagua kwa kujua. Mwishoni paka vanishi ya kung'aa kwenye jicho, pembe ya jicho na ufizi peke yake. Ngozi yote ikimeremeta, jicho halina cha kujitofautisha nacho.

SWALI: Ndugu Mhariri, kichwa changu cha udongo wa maji kilipasuka vipande tanurini ingawa nilikianika siku nyingi. Pembe nazo zilikuwa zimeshaachana na paji hata kabla ya kuchomwa. Sababu ni nini?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Kichwa kilichojaa udongo ndani hukauka nje huku kiini kikiwa bado kibichi, na siku za kuanika hazikuambii lolote kuhusu kiini hicho. Joto likifika nyuzi 100 za Selsiasi, maji yaliyobaki hugeuka mvuke, na mvuke huhitaji nafasi inayozidi ile ya maji kwa takriban mara 1,700. Usipopata pa kutokea, huvunja ukuta.

Wakati ujao, subiri udongo ukaze kiasi cha kushikika bila kubonyea, kisha kata utosi kwa waya mwembamba, kwenye mstari utakaofichwa na mkunjo au ukingo wa tuta. Komba ndani kwa kifaa cha kitanzi mpaka kuta zibaki na unene wa karibu sentimita 2, zikilingana kila mahali, hata nyuma ya pua na ndani ya taya, ambako udongo hujificha. Kwaruza kingo zote mbili, paka uji wa udongo uleule, rudisha utosi, ubane, kisha rekebisha ngozi juu ya kiungo. Toboa tundu la kutolea hewa na mvuke puani au kooni, na pembe nene uzikombe pia, tundu lake likiingia ndani ya kichwa.

Pembe ziliachana na paji kwa sababu ni nyembamba. Zilikauka na kusinyaa zikitangulia paji lililokuwa bado na maji. Zifunge kwa nailoni tangu siku unapoziunganisha, funika kichwa kizima kwa ulegevu, na ufunue pembe mwisho kabisa. Kabla ya kuwasha, weka sehemu nene shavuni mwako: ikihisi baridi kuliko hewa ya chumba, bado ina maji. Tanuri liwashwe polepole na libaki chini ya nyuzi 100 kwa saa kadhaa kabla hujalipandisha. Linapokaribia nyuzi 573, chembe za kwazi, yaani madini ya silika yaliyo ndani ya udongo, hubadilika ukubwa ghafla, kwa hiyo lipitishe hapo taratibu, wakati wa kupanda na wakati wa kupoa, na usifungue mlango mpaka lipoe kiasi cha kuguswa kwa mkono mtupu.