Hela ya chupa ilikuwa inaendaje?

SWALI: Shikamoo anti. Mi nimekua na soda za plastiki tu, mama anasema enzi zao ukienda dukani mikono mitupu hubebi soda mpaka uache hela ya chupa. Ilikuwa inarudi kweli au ndo imeliwa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Ilikuwa inarudi, ila kwa masharti. Ukinywea palepale dukani unalipia soda tu, unaacha chupa unaondoka. Ukitaka kwenda nayo nyumbani ulete chupa tupu mbadilishane au uache hela, ukirudisha chupa unapewa chako. Risiti hakuna, mwenye duka anakukumbuka kwa sura, ndo maana mtoto akitumwa anaambiwa arudishe duka lilelile maana kwingine atajibiwa hii hukununua kwangu.

Na sio kila chupa inapokelewa. Ya Pepsi huchukulii Coca-Cola, viwanda tofauti hivyo, afu muuzaji anapitisha kidole mdomoni mwa chupa, akikuta imemeguka anakurudishia hapohapo.

Watu walikuwa wanamwona Mangi, yani mwenye duka, mkali bure kumbe naye kabanwa vilevile. Gari la soda likija hashushiwi kreti lililojaa mpaka atoe tupu na chupa zake 24, asipokuwa nazo analipia, kwa hiyo ukitaka kuanza kuuza soda unanunua kwanza makreti matupu, yani mtaji umelala kwenye chupa hata soda yenyewe hujaiona, na ikipasuka moja hasara yako. Kiwandani zinaoshwa kwa maji ya moto na kostiki, ileile ya kutengenezea sabuni, zinakaguliwa zinajazwa tena. Ile mikwaruzo myeupe kiunoni mwa chupa ndo ya kugongana kwenye mashine na makreti, ikizidi ujue imezunguka sana.

Kasheshe ilikuwa harusini. Soda zimechukuliwa dukani kwa makreti, asubuhi kamati inainama chini ya viti kusaka chupa, na watoto wa mtaa washapita usiku wameokota zao wanaenda kudai hela (usiniulize najuaje).

Zilipokuja za plastiki, hizi tunaita teki awei, watu wakahamia huko, unanunua unanywea kwenye daladala basi. Ila za kioo hazijaisha, mabaa na migahawa mingi bado wanazo na ukitaka kuondoka nayo mtaelewana kwanza. Kama mama ana kreti tupu uvunguni asiligawe, aulize kwa muuza soda wa jumla, likiwa la aina inayotumika hadi leo anaweza kulichukua.