Walatvia na Waaleuti: nani ana nafuu ya maisha?

Ndugu, umeuliza ni jamii ipi yenye hali bora ya uchumi kati ya Walatvia na Waaleuti, wenyeji wa asili wa visiwa vya Alaska, Marekani. Kwa maoni yangu Walatvia wana nafuu kubwa, hasa kwa kuwa wana nchi huru yao wenyewe: walijiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004 na wanatumia yuro tangu 2014. Hata hivyo, idadi ya wakazi wa Latvia imeshuka kutoka takribani milioni 2.7 mwaka 1990 hadi chini ya milioni 1.9, kwani vizazi ni vichache na vijana wengi wamehamia nchi kama Ireland na Uingereza kutafuta ujira.

Waaleuti ni maelfu machache tu, na maamuzi makubwa juu ya maisha yao yamefanywa mbali nao. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwahamishia 881 kati yao kwenye kambi duni, ambako takribani mmoja katika kila kumi alifariki, na fidia ikaidhinishwa mwaka 1988. Tazama kisiwa chao cha St. Paul: kwa zaidi ya karne moja wanaume wake walichuna ngozi za sili, wanyama wa baharini wenye manyoya, chini ya usimamizi wa serikali, biashara hiyo ilipokoma miaka ya 1980 wakageukia samaki na kaa, na msimu wa kaa wa theluji ulipofungwa mwaka 2022, kiwanda kikakosa kazi na mji ukapoteza kodi iliyoendesha huduma zake.

Tujihadhari pia na wastani wa mapato, kwani unaweza kuficha hali halisi. Bandari ya Dutch Harbor, katika visiwa vya Waaleuti, hupokea shehena kubwa mno za samaki, lakini sehemu kubwa ya faida huenda kwa kampuni za nje.