Anzeni na Kengele ya Mwisho

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni: "Je, shule za sekondari zichelewe kuanza masomo asubuhi ili wanafunzi wapate kulala zaidi?" Mimi ni mwalimu, na kwa miaka kadhaa kazi ya kupanga ratiba ya shule imeniangukia mimi. Jibu langu ni ndiyo, ila nina sharti ambalo wengi wanaolipigia debe jambo hili hawapendi kulisikia. Anayetaka kuisogeza kengele ya kwanza atuambie kwanza kengele ya mwisho italia saa ngapi, na ni kitu gani kitatoka hapo katikati.

Kuhusu usingizi wenyewe sina ubishi. Kijana akibalehe, saa ya mwili wake husogea mbele. Melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, huanza kutoka usiku kwa kuchelewa kuliko alipokuwa mtoto. Ndiyo maana mdogo wake anasinzia mapema, naye wa miaka 16 yuko macho hadi saa tano usiku, simu awe nayo asiwe nayo. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza vijana wa miaka 13 hadi 18 walale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Anayepitiwa na usingizi saa tano usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri amepata saa 6 tu. Mwalimu wa kipindi cha kwanza hahitaji kusomewa utafiti, maana vichwa vimelala juu ya madawati mbele yake. Na mara nyingi kipindi hicho ni cha Hisabati, kwa kuwa sisi wapanga ratiba tumerithi imani kwamba asubuhi akili huwa safi. Akili ya nani? Labda ya mwalimu.

Katika chumba cha walimu utaambiwa kwamba ukiwaongezea nusu saa asubuhi, wataichezea usiku. Jiji la Seattle, Marekani, lilisogeza saa ya kuanza sekondari zake mwaka 2016, kutoka saa mbili kasoro dakika kumi hadi saa tatu kasorobo. Watafiti waliwavisha wanafunzi wa shule mbili vifaa vya mkononi vinavyorekodi mienendo ya mwili, kabla na baada ya mabadiliko. Usingizi wa usiku uliongezeka kwa dakika 34 hivi, na saa ya kwenda kulala haikusogea kwa kiasi cha maana. Pingamizi hilo naliweka kando.

Tatizo liko kwenye ratiba. Tuseme shule ina vipindi 9 vya dakika 40 kila siku, na tunataka kuanza dakika 45 baadaye bila kugusa saa ya kutoka. Njia inayokimbiliwa na wengi ni kupunguza kila kipindi kwa dakika 5. Kwenye karatasi hesabu inakubali: 9 mara 5 ni 45. Darasani haikubali. Dakika za mwanzo za kila kipindi huliwa na kuingia, kutulia na kufuta ubao wa mwenzako, na hizo hazipungui hata kidogo. Kinachopungua ni kufundisha. Mwalimu wa Kemia aliyekuwa na vipindi viwili mfululizo kwa ajili ya maabara sasa ana dakika 70 badala ya 80, na vyombo bado vinataka kupangwa na kuoshwa. Mtamkuta anafanya jaribio peke yake mezani huku darasa zima likitazama.

Njia ya pili ni kuunganisha vipindi kuwa virefu na vichache. Naipenda, ila ina mtego wake. Somo lenye vipindi 5 kwa wiki haligawanyiki kwa mbili, kwa hiyo litapata 4 au 6, na kila mkuu wa idara anajua analotaka lake lipate. Kuna shule zinazotatua hilo kwa ratiba ya wiki mbili zinazopokezana, na mwezi wa kwanza nusu ya wanafunzi hubeba madaftari ya wiki isiyo yao. Tena mwalimu mmoja wa Fizikia anayefundisha mikondo minne akihamishwa kipindi kimoja tu, vingine vitatu vinagongana. Nimekesha kwa ajili ya huyo mwalimu mmoja.

Kukata mapumziko sitakuzungumzia sana. Foleni ya chakula haijui kwamba ratiba imebadilika.

Kusogeza saa ya kutoka kunahamisha mzigo kwa wanaokaa mbali, watakaofika nyumbani giza limeingia. Michezo nayo ndiyo hutolewa kafara. Shule za bweni ndizo zinazonisikitisha zaidi: masomo yanaanza kwa kuchelewa, kisha kujisomea usiku kunasogezwa kwa dakika zilezile, na saa ya kuzima taa inasogea pia. Mwanafunzi anaamka baadaye na kulala baadaye. Usingizi ni uleule, ila shule inajisifu kwamba imefanya mageuzi.

Hata sheria haizibi kila mwanya. California ilipitisha yake mwaka 2019, na tangu Julai 2022 sekondari za juu za umma, isipokuwa za vijijini, haziruhusiwi kuanza kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Hata hivyo vipindi vya hiari vinavyotangulia ratiba, wanavyoviita kipindi sifuri, vimeachwa nje ya katazo. Florida ilitunga sheria kama hiyo mwaka 2023, ikaondoa ulazima wake mwaka 2025 kabla haujaanza kutekelezwa. Kikwazo kimoja kilikuwa usafiri: basi moja huko hubeba wanafunzi wa shule za ngazi tofauti kwa zamu, hivyo ukigusa saa ya shule moja umezigusa zote.

Kipindi sifuri nasi tunakijua kwa majina mengine: masomo ya ziada, marudio ya alfajiri, "njooni mapema kidogo". Pasipo kufuta hayo, msiguse kengele.

Ningekuwa mkuu wa shule ningeondoa kipindi cha tisa. Saa hiyo mwalimu amechoka na darasa limechoka, na ninaamini tunachokipoteza pale ni kidogo kuliko tunachokipoteza katika kipindi cha kwanza kila siku. Ningepunguza pia mikutano ya mstarini, kutoka kila asubuhi hadi mara mbili kwa wiki, maana sehemu kubwa ya muda ule ni kukemea waliochelewa mbele ya waliowahi.

Mabadiliko yaanze siku ya kwanza ya muhula, kamwe si katikati, na wazazi waambiwe muhula mmoja kabla ili wapange usafiri. Yapewe muhula mzima bila kuguswa hata kelele zikizidi wiki ya pili, na zitazidi. Kipimo kiwe daftari la mahudhurio la kipindi cha kwanza, likilinganishwa na la muhula kama huo wa mwaka uliotangulia. Wanafunzi waulizwe kwa karatasi zisizo na majina wanalala kwa muda wa saa ngapi, na wanaotoka mbali wahesabiwe peke yao, kwa sababu wastani wa shule nzima utawaficha.