Krismasi ya ukweni: maharage yaliyoniliza na pilau ya watu 34

Habari za Jumapili, wapendwa. Juzi usiku nimepokea ujumbe wa dada mmoja wa Vwawa, mkoani Songwe. Ameolewa mwaka jana, na Pasaka hii wakwe wanakuja kwake, watu ishirini na kitu. Anauliza, "Dada, wewe ulianzaje? Mimi naogopa mpaka usingizi hauji." Nilitaka kumpigia simu tuyamalize, nikaona hapana, wenzake ni wengi. Acha niandike.

Nianze na la kujivunia. Krismasi iliyopita nimepikia watu 34 nyumbani kwa mama mkwe, kijijini juu ya Tukuyu, wilayani Rungwe, Mbeya. Pilau kilo 6, maharage, ndizi za nyama, kuku wa kienyeji kwa ajili ya wazee, kachumbari, na asubuhi chai ya maziwa na magimbi kabla watu hawajaenda ibadani. Walipotoka kanisani saa saba na nusu, chakula kilikuwa tayari. Hakuna kilichoungua, hakuna kilichobaki kibichi. Sikukodi mpishi.

Mimi huyohuyo, Krismasi ya 2015, katika jiko lilelile, nilitia aibu.

Nimekulia Temeke. Kupika nilikuwa najua, tena mtaani kwetu nilikuwa naitwa kwenye shughuli. Kwa hiyo mwaka ule wa kwanza wa ndoa, wifi zangu waliposema tutakusaidia, nikasema niachieni mimi. Nilitaka waone kaka yao amepata mke.

Asubuhi ya tarehe 25 niliamka na mvua. Mnaoijua Rungwe mnajua, mvua ya kule si ya mzaha, na Desemba ndiyo imeshika. Kuni zilikuwa mbichi, zinatoa povu kwenye ncha na moshi unaokaa kwenye nywele siku tatu. Saa mbili nikainjika maharage. Temeke maharage yale yangenichukua saa moja na nusu. Saa nne nikabinya harage moja, gumu. Saa sita nikabinya lingine, ganda limechanika lakini ndani kuna kiini cheupe kama chaki. Nikachochea, nikaongeza maji, nikachochea tena. Na nyanya nilikuwa nimeshatia tangu mwanzo ili mchuzi ukolee.

Pilau nayo ikanikataa. Nilipima maji kwa mkono wangu wa Dar. Chini ikawa bokoboko, juu mchele unalia kwenye meno. Nikageuza, nikaharibu zaidi. Watu wametoka kanisani saa saba, wamekula saa kumi na moja jioni. Watoto walishibishwa mkate na chai, na mtoto mmoja wa shemeji alilala na njaa kwenye mkeka, mkate mkononi.

Halafu nikaongeza kosa juu ya kosa. Nikasema angalau nimheshimu baba mkwe. Nikachagua sahani nzuri, nikaipakua mwenyewe, nikaipeleka sebuleni, nikapiga goti mbele yake, nikamtazama usoni: "Shikamoo baba, karibu chakula." Sebule yote ikanyamaza. Mzee akageuza uso akatazama ukutani.

Kwa mila ya Wanyakyusa, mkaza mwana hakutani na baba mkwe uso kwa uso. Zamani mwanamke akimwona mkwewe anakuja kwa mbali alikuwa anaacha njia mpaka apite. Siku hizi familia nyingi zimelegeza. Kwa mume wangu hawajalegeza, na mume wangu, kwa sababu kwake ni jambo la kila siku, hakukumbuka kuniambia. Kwetu Temeke kumpelekea mzee chakula kwa magoti ndiyo adabu yenyewe. Kule ilikuwa kinyume chake.

Nikiwa natoka nikamsikia wifi yangu mkubwa jikoni, kwa sauti ambayo alijua naisikia: "Kaka ameleta mgeni, hajaleta mke."

Sijawahi kuombwa radhi kwa neno lile. Nimeshasamehe, lakini nikisema nimesahau nitakuwa nawadanganya.

Usiku nilikwenda nyuma ya jiko, kwenye migomba, nikalia. Mama mkwe akanifuata na kibatari. Hakunibembeleza. Alikuwa na harage moja mkononi, akalibinya mbele yangu, akasema, "Mwanangu, haya hayajakushinda wewe. Umeyapika kana kwamba uko Dar." Mimi nilidhani ananifariji tu.

Maana ya maneno yale niliipata baadaye, tulipohamia Uyole, hapa Mbeya, kwa jirani yetu mwalimu wa fizikia. Siku moja nikilalamika maharage, akanieleza mpaka nikakaa chini. Dar iko usawa wa bahari, kule maji yanachemka kwenye nyuzi joto 100. Kadiri unavyopanda mlima, mgandamizo wa hewa unapungua, na maji yanaanza kutokota kabla hayajafika moto ule. Kila mita 300 hivi unapoteza nyuzi 1. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo sufuria yako inatokota kwenye nyuzi 94 tu. Unaona povu, unasikia mtokoto, unadhani kuna moto wa kutosha kumbe haupo. Na kuchochea hakusaidii! Maji hayapandi zaidi ya pale, yanakauka tu. Kinachosaidia ni muda, na mfuniko usiovuja. Ndiyo maana presha kuka huku kwetu si anasa. Kyela, kule chini ziwani, ni kama mita 500 tu, ndiyo maana mtu wa Kyela akija Mbeya naye anaanza kulalamikia mkaa.

Mama mkwe hajasoma fizikia. Lakini alijua, kwa sababu dada yake aliolewa Kyela.

Basi wewe dada wa Vwawa, na nyanda zetu hizi ni za juu hivyohivyo, jambo la kwanza ni hili: anza jana yake. Usianze asubuhi ya sikukuu. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, uinjike kwa maji mapya. Nyanya na ndimu usitie mpaka harage limelainika, maana uchachu unalifanya lisiive. Na sokoni muulize muuzaji kama ni ya msimu huu. Harage lililokaa ghalani miaka miwili litakuaibisha hata ukiloweka.

Mchele nausemea kwa kirefu kidogo kwa sababu hapo ndipo watu wanapopigwa. Kila gunia la mchele soko la Mwanjelwa, Mbeya, linaitwa Kyela, maana mchele wa kule unasifika kwa harufu. Mimi nimenunua "Kyela" ambao haukuwa Kyela, nimeubeba mpaka Tukuyu na haukutoa harufu hata chembe. Siku hizi nachukua punje kiganjani, nasugua mpaka zinapata joto, nanusa. Halafu nanunua kilo moja tu kwanza, naenda kupika nyumbani, kesho yake ndiyo narudi kwa muuzaji yuleyule kuchukua zilizobaki. Kwa sababu mchele mpya na wa zamani haunywi maji sawa. Mpya nautilia kikombe kimoja cha mchele kwa kikombe kimoja na nusu cha maji, uliokaa unataka zaidi. Usinikariri mimi, pika hiyo kilo moja uone wa kwako unataka nini.

Pilau ya sufuria kubwa shida yake ni juu. Dawa niliionyeshwa na mama mkwe: kata jani la mgomba, lipitishe kwenye moto mpaka lilegee na ling'ae, lifunike juu ya wali maji yanapokaribia kukauka, kandokando ulikandamize kwa mwiko. Kisha mfuniko, kisha palia makaa juu. Moto wa chini uupunguze ubaki majivu ya moto. Mvuke hauna pa kutokea. Ukifunua baada ya nusu saa jani limegeuka rangi ya kahawia na harufu yake imeingia kwenye pilau.

Ndizi menya jana yake, mikono ikiwa na mafuta, uziache ndani ya maji zisiwe nyeusi. Vitunguu kata jana yake. Viungo twanga jana yake. Kuni au mkaa viingie ndani jana yake, visilowe. Nimesema jana yake mara ngapi? Nitasema tena.

Na hapa niseme ukweli, mtakaokasirika mkasirike. Mabinti tunaolewa tunajua kupamba meza, tunajua keki tatu za kwenye simu, lakini hatukai jikoni na mama wakwe zetu hata siku mbili. Tunafika tarehe 24 jioni, tarehe 26 tuko stendi. Halafu tunashangaa tunaitwa wageni. Mimi nilikuwa hivyo, na sikuacha mpaka nilipoanza kwenda kijijini siku ambazo si sikukuu, Agosti, hakuna wageni, nikakaa kwenye kigoda nikamenya maharage mabichi na mama tukiongea. Muulize mama mkwe wako. Muulize nani anakula nini, nani anapelekewa na nani, nani anatangulia. Na nyie waume, mkeo anatoka kwao hajui mila zenu. Mwambieni kabla hajapiga goti mbele ya mtu asiyetakiwa kumtazama! Mume wangu tumeshaongea, amekiri.

Krismasi iliyopita mimi nilifika tarehe 20. Usiku wa tarehe 24 mama alikuwa kwenye kigoda chake, mimi nakata vitunguu, wifi mkubwa anatwanga iliki. Hatukuongea sana, lakini alitwanga.

Siku yenyewe nilipomaliza kupakua, mama mkwe aliingia na bakuli lake dogo la bati. Hakutaka pilau ya juu. Akachukua mwiko, akakwangua ukoko chini ya sufuria, ule wa rangi ya asali, akautafuna kwanza amesimama. Akasema, "Ndaga fijo, mwanangu." Kinyakyusa hicho, asante sana.

Sahani ya baba mkwe niliipakua mwenyewe, nikampa mwanangu wa miaka saba aipeleke, mimi nikabaki nyuma ya pazia la jikoni. Haikupita robo saa mtoto akarudi nayo mbio, tupu, imebaki mifupa tu.

"Mama, babu anasema aongezwe."