Fundi, hii piano ya mzee naweza fanya meza?

SWALI: Habari yako fundi. Baba mkwe alinunua piano kwa mnada wa shamba hapa Njoro miaka ya 60, wakati masetla walikuwa wanauza vitu warudi kwao. Tangu niolewe hapa sijawahi sikia ikilia vile inafaa, kazi yake ni kubeba vitambaa na picha za harusi. Sasa binti yangu yuko Chuo Kikuu cha Egerton, ameona kwa simu watu wakitengeneza meza ya kusomea na piano, na kuna fundi wa Nakuru amesema atakata waya zote na plaiasi amalize kwa siku moja, elfu nane. Nimkubalie? Ama nitakuwa nimeharibu kitu ya pesa?
Mama wa Njoro

JIBU: Mama, huyo wa plaiasi mwambie angoje kwanza. Ndani ya hiyo piano kuna waya kama 230 hivi, zimevutwa kwa chuma kizito, na ukijumlisha mvuto wa zote unafika kama tani 18. Waya ikikatwa ikiwa imekazwa inaruka kama mjeledi. Mimi nilijaribu hiyo ujanja nikiwa kijana na alama bado iko hapa chini ya jicho, kwa hivyo sisemi mambo ya kusikia.

Zinalegezwa pole pole. Kila waya imezungushwa kwa pini yenye kichwa cha mraba, unatafuta spana inaingia hapo, unavaa miwani, unalegeza kila pini nusu mzunguko kuanzia mwanzo hadi mwisho, halafu unarudia tena na tena mpaka zote zilale. Usimalize upande mmoja wakati ule mwingine bado umekaza, chuma kinaweza pasuka. Hiyo kazi peke yake inakula siku nzima, kwa hivyo elfu nane ya kila kitu mimi naona ni mtu hajui anaingia wapi.

Kuhusu pesa, piano nyingi nzee za kusimama hazina bei kubwa, kuibeba na kuituni kunaweza pita hata ile utauza. Lakini kabla mtu aguse msumeno leta mtu wa kutuni piano aangalie, hata kama ni kumtoa Nairobi. Ule ubao unashika pini ukiwa umechoka, pini zinazunguka bila kushika, ukituni leo kesho imelegea. Hapo piano imekufa na hakuna dhambi kuigeuza meza. Lakini akisema iko sawa, mama, mimi ningeiacha ilie, mbao za meza hazijaisha Kenya hii.

Kitu ingine, angalia vile vibao vyeupe 52 vya kubonyeza na vidole. Ukiona kila kimoja kina mstari mwembamba wa kuunga, karibu na pale vile vyeusi vinaanzia, na kuna mistari midogo kama ya mbao, hiyo inaweza kuwa pembe ya ndovu. Usiuze, na usikubali fundi abandue aende nazo, sheria ya wanyamapori ya 2013 haitaki mtu akae na pembe bila kibali. KWS, wale wa serikali wa wanyamapori, wako hapo Lake Nakuru, enda uwaulize kwanza. Vibao vingi pia vina vidude vya mviringo vya kijivu kwa mbao, hiyo ni madini ya risasi (lead), vumbi yake ni sumu, usiruhusu mtu apige msasa hapo na watoto wako karibu.

Sasa meza yenyewe. Watu husahau magoti! Wanatoa vibao, wanaweka ubao juu, halafu ukikaa unagonga ule mlango wa chini. Toa huo mlango, toa pedali, na kile chuma pia kitoke chote, hapo ndio miguu inapata nafasi. Piano ilazwe chali kwanza, na watu wanne, maana nyingi zinapita kilo 200 na uzito mwingi uko nyuma. Ule ubao mnene ambao vibao vinakalia usiukate, ndio meza yako. Uinue na vipande vya mbao mpaka sentimita 74 hivi kutoka chini, juu uweke blokibodi. Kifuniko kibaki na bawaba zake, binti akimaliza kusoma anafunga. Na waya nene za besi zimezungushiwa shaba, usimwachie fundi, wa skrepu atakulipa.

SWALI: Meza yangu ya piano nimeshamaliza, nipige vanishi gani juu ya rangi ya zamani?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Weka tone la spiriti pahali pamejificha. Ikinata na kulainika hiyo ni sheleki, ile vanishi ya zamani inayeyuka kwa spiriti, usiikwangue, safisha tu upake sheleki ingine nyembamba juu na kitambaa. Na usipake siku ya mvua, hapo kwenu karibu na ziwa itageuka nyeupe kama maziwa.