Re: Wazazi hawaji kwenye vikao vya mpango wa shule, Nunavut (jimbo la kaskazini mwa Kanada, wakazi wengi ni Wainuit)

Salaam ndugu. Umesema mmeitisha vikao vitatu kuhusu mpango wa kuboresha shule, wazazi hawaji. Kwanza angalia rasimu: ikiwa imeandikwa Kiingereza, kisha ikatafsiriwa Kiinuktitut, lugha ya Wainuit, watu wanaona mambo yameshaamuliwa. Wapelekee maswali, si rasimu. Maandishi nayo yana uzito: vijiji vya Kugluktuk na Cambridge Bay wanatumia Inuinnaqtun, aina nyingine ya lugha ya Wainuit, kwa herufi za Kilatini; sehemu nyingine ni herufi za silabi, alama moja kwa silabi moja.

Pitia bodi ya elimu ya kijiji, maana imechaguliwa na wenyeji. Tangazeni kwa redio ya kijiji, tena kwa mazungumzo ya kupiga simu. Epukeni majira ya kuchipua; familia nyingi huwa kambini, zinawinda na kuvua.

Halafu wazee. Sheria ya Elimu ya 2008 inataka ufundishaji usimame juu ya Inuit Qaujimajatuqangit, maarifa ya Wainuit wenyewe, kwa hiyo kumwita mzee afungue kikao kwa dua tu ni kumvunjia heshima. Mpeni vipindi kwenye ratiba na fungu la malipo kwenye bajeti. Bila fungu hilo, kipengele cha lugha ya Wainuit kwenye mpango hufa mwalimu mkuu akihama, na huko wanahama sana.