Chipu Isiyo na Namba kwenye Bodi ya Gemu ya Zamani: Anzia Miguuni

Kwenye bodi za gemu za miaka ya 1980 utakutana na chipu zilizosuguliwa namba makusudi ili bodi isinakiliwe. Usiing'oe bado. Njia za shaba zinazoifikia ndizo ushahidi wako mkubwa, na kung'oa kwa pupa huzirarua.

Zima umeme, weka multimeta kwenye mlio, kisha tafuta mguu wa graundi na mguu wa volti 5. Chipu ya kawaida ya familia ya 74 (zile ambazo namba yake huanza na 74) yenye miguu 14 huwa na graundi mguu wa 7 na volti 5 mguu wa 14. Yenye 16 ni 8 na 16. Yenye 20 ni 10 na 20. Mpangilio ukiwa tofauti, furahi, maana orodha imefupika. Miguu 14 yenye volti 5 kwenye 5 na graundi kwenye 10? Fikiria 7490, 7492 au 7493. Miguu 16 yenye graundi kwenye 16? Huenda ni chipu ya kumbukumbu. Hapo kuwa makini: 4164 hupokea volti 5 mguu wa 8, lakini 4116 hupokea volti 12 kwenye mguu huohuo. Ukiweka 4164 mahali pa 4116, umeiunguza.

Sasa chora miguu yote karatasini na ufuate kila njia hadi kwa jirani mwenye namba. Mguu unaoelekea kwenye viingilio pekee vya majirani lazima uwe wa kutoa.

Ukikuta miguu ya kutoa ni 3, 6, 8 na 11, huenda una 7400, 7408, 7432 au 7486. Hizi nne hazitofautiki kwa macho, kwa hiyo sasa ndipo uing'oe na kuipima pembeni kwa volti 5. Viingilio vyote viwili vikiwa graundi, kwenye 7400 pekee ndipo mguu wa kutoa hupanda juu, yaani huwa na volti. Kimoja kikiwa juu (kimeunganishwa na volti 5), 7408 pekee hubaki chini. Vyote viwili juu, 7432 hubaki juu na 7486 hushuka. Usiache kiingilio kikielea, kwani chipu hukisoma kama kiko juu na jibu litakupotosha. Ikijibu kama 7400 lakini kwenye bodi imezungukwa na rezista na kapasita, shuku 74132. Jibu lao ni moja.

Yenye miguu 20 isiyolingana na 74 yoyote huenda ni PAL, chipu tupu ambayo mtengenezaji wa gemu huipangia kazi yake. Hiyo ilipangwa kiwandani kwake, na dukani hutaipata ikiwa tayari.

Ya kubadilishia ukiinunua barabara ya Luthuli, Nairobi, ipime vivyo hivyo kabla ya kuilehemu, na uweke soketi. Ukikosa aina ya LS (herufi zilizo katikati ya namba, kama 74LS00), chukua HCT. HC iache: hutaka takribani volti 3.5 ndipo iseme "juu", na LS iliyo kabla yake imeahidi 2.7 tu.